Mgonjwa Aliyepigwa Picha Mara Moja Tu Asifutwe Kwenye Faili

Kazi yetu ni kuchambua takwimu za tafiti zinazotumia picha za ubongo, na faili za Excel tunazoletewa na madaktari wanaosomea ubingwa na wanafunzi wa uzamivu zinafanana sana. Kila mgonjwa ana mstari wake. Safu ya kwanza ni ujazo wa sehemu fulani ya ubongo siku alipoanza, ya pili ni baada ya miezi sita, ya tatu baada ya mwaka. Safu ya kwanza imejaa, ya pili ina mapengo, ya tatu karibu nusu ni tupu. Mistari yenye mapengo imepakwa rangi ya njano, tayari kufutwa. Ombi linaloambatana na faili nalo ni lilelile: "Naomba mnifanyie jaribio la t la jozi, msimamizi wangu anataka p." Jaribio hilo hulinganisha vipimo viwili vya mtu huyohuyo, na p ni namba inayoonyesha jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu; ikiwa ndogo, kwa kawaida chini ya 0.05, watu husema kuna mabadiliko.

Jibu letu la kwanza huwa: tafadhali usifute chochote.

Tuseme ulianza na wagonjwa 60, mara ya pili wakarudi 45, na kati ya hao mara ya tatu wakaja 32. Ukibakiza waliokuja mara zote tatu, unachambua picha 96 ilhali umelipia 137. Picha 41 zimekwenda na maji. Lakini fedha ndiyo hasara ndogo. Jiulize ni nani hao ambao hawakurudi. Katika utafiti wa kiharusi, au wa wazee wanaopoteza kumbukumbu, asiyerudi mara nyingi ni yule aliyezidiwa, aliyefariki, au ambaye ndugu zake wameishiwa nauli ya kumleta. Ukiwafuta hao, unabaki na wenye nafuu, kisha unaandika kwenye tasnifu kwamba ugonjwa unakwenda polepole. Jedwali litapendeza, ila litakuwa limewasahau waliougua zaidi.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili. Wanazipanga picha zote 137 kana kwamba ni za watu 137. Picha mbili za mtu mmoja hufanana kuliko picha za watu wawili, kwa hiyo si ushahidi unaojitegemea. Ukilinganisha makundi mawili ya wagonjwa kwa namna hiyo, p inashuka bila haki. Ukitafuta mabadiliko ya mtu mwenyewe, tofauti za kawaida za ukubwa wa vichwa vya watu zinakifunika kile kidogo unachokitafuta.

Na ni kidogo kweli. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hupungua kwa takriban asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka kwa mzee mwenye afya, na takriban asilimia 4 hadi 5 kwa mwenye Alzheimer. Kosa la kipimo peke yake, yaani mtu huyohuyo kupigwa picha tena bila chochote kubadilika, laweza kufika asilimia moja au mbili. Unatafuta mabadiliko yanayokaribiana na kosa la kipimo, ndiyo maana namna ya kuhesabu inabeba uzito wote huu.

Tunachotumia sisi ni modeli mchanganyiko. Msingi wake uliwekwa vizuri na wanatakwimu Nan Laird na James Ware mwaka 1982 katika jarida la Biometrics, na leo programu za bure za takwimu kama R zinaifanya. Kila mgonjwa anapewa mstari wake wenyewe: mahali alipoanzia, na mwendo wake wa kupanda au kushuka. Mistari hiyo yote inasomwa kwa pamoja, ili tupate mwendo wa kundi na kiasi ambacho watu wanatofautiana. Aliyekuja mara tatu anachangia sana. Aliyekuja mara moja hatuambii lolote kuhusu mwendo wake mwenyewe, lakini anatusaidia kujua kundi lilianzia wapi na linatofautiana kiasi gani, kwa hiyo anabaki. Mwenye picha mbili tu zenye mashaka, mstari wake unavutwa kuelekea wastani wa kundi. Mimi huona huo ni uungwana wa hesabu: haimwamini mno mtu mwenye ushahidi mdogo, wala haimfukuzi.

Modeli hii ina mpaka wake. Inafanya kazi vizuri ikiwa sababu za kutorudi zinaonekana katika data tulizonazo, kama vile umri, au ujazo wa awali uliokuwa mdogo. Ikiwa watu waliacha kuja kwa kuzorota ambako hakuna picha iliyokunasa, tunaongeza modeli ya pamoja inayosoma picha na muda wa kifo au wa kujitoa kwa wakati mmoja, na tunakuonyesha kama jibu linayumba. Kwa hiyo usituletee mapengo matupu. Andika kando: amefariki, amehama, simu haipokelewi.

Kwa watoto kuna jambo jingine. Ubongo wa mtoto mchanga hukaribia kuongezeka mara mbili ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo kusema tu kwamba umeongezeka hakusemi kitu. Mama yeyote anayebeba kadi ya kliniki analijua hili: kilo za mwezi huu hazina maana mpaka zitazamwe kwenye mchoro wa umri. Utafiti uliofanywa Mbale, mashariki mwa Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE, ulifuata njia hiyo. Watoto 100 wa chini ya miezi sita, waliojaa maji kichwani baada ya maambukizi, waligawanywa kwa bahati nasibu: 51 wakafanyiwa upasuaji wa kutumia kamera, 49 wakawekewa mrija wa kutolea maji. Ukuaji wa ubongo ulipimwa kwa picha za CT (eksirei za tabaka kwa tabaka) na kulinganishwa na umri. Matokeo yalichapishwa Desemba 2017 katika New England Journal of Medicine. Baada ya mwaka, makundi hayakuachana kwa kiwango cha kitakwimu, si kwa ukuaji wa ubongo wala kwa maendeleo ya akili.

Nimetaja kulinganisha makundi kwa makusudi. Mara kwa mara tunaona sentensi kama hii: "Waliopata dawa walibadilika, p = 0.03; wasiopata hawakubadilika, p = 0.20, kwa hiyo dawa inafanya kazi." Hapana. Lazima upime tofauti yenyewe kati ya miendo ya makundi mawili. Mwaka 2011 mtafiti Sander Nieuwenhuis na wenzake walionyesha katika Nature Neuroscience kwamba kati ya makala 157 za sayansi ya ubongo ambazo zingeweza kuteleza hapa, 79 ziliteleza, tena zilikuwa za majarida makubwa. Mwanafunzi asione aibu kuuliza.

Mashine nayo husema uongo wake. Hospitali ikibadilisha MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, ya Tesla 1.5 kwa ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku hiyo) katikati ya utafiti, ubongo wa kila mtu utaonekana umebadilika siku moja. Programu ya kupimia ikiboreshwa, ni vilevile: ukipima picha za mwaka wa kwanza kwa toleo la zamani na za mwaka wa pili kwa toleo jipya, umepima matoleo. Picha zote za mtu mmoja zichakatwe upya pamoja, kwa toleo moja, na ya kwanza isifanywe kiolezo cha kupimia nyingine. Hata mgonjwa aliyekuja na kiu baada ya safari ndefu ubongo wake huonekana mdogo kidogo.

Kwa hiyo ukija kwetu, tunahitaji mstari mmoja kwa kila picha, si kwa kila mgonjwa. Uwe na namba inayomtambulisha mgonjwa bila jina lake, tarehe halisi ya picha (si "hudhurio la 2", kwa sababu miezi sita ya karatasi mara nyingi ni minane barabarani), umri siku ya kwanza, mashine iliyotumika, na toleo la programu. Majina yaondolewe, hata yaliyofichwa ndani ya faili za picha. Na kama ni MRI ya kichwa kizima, uso ufutwe, maana unaweza kuundwa upya. Sheria ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zinatubana sote.

Hatusomi picha kwa ajili ya kumtibu mtu. Hiyo ni kazi ya daktari wa radiolojia. Gharama hutegemea idadi ya vipimo na hali ya faili, na mazungumzo ya kwanza ni bure. Kama bado hujapata data, omba seti ya data ya MRI za wazee iitwayo OASIS-2, yenye picha 373 za watu 150 wa miaka 60 hadi 96, tujifunzie juu yake pamoja. Wakati mzuri wa kutupigia ni kabla picha ya kwanza haijapigwa, wakati idadi ya wagonjwa na tarehe za kurudi bado zinaweza kubadilishwa kwenye andiko la utafiti.