Kwa Mwanahawa, juu ya wale wasichana wa panki

London, Jumapili

Shoga yangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Sie huku wazima, alhamdulillah, baridi tu ndiyo imeanza kutuuma. Umeniuliza kama ile tamthilia ya wasichana wa Kiislamu wanaopiga panki, ule muziki wa magitaa ya kelele, inaikejeli dini. Jibu langu ni hapana, wala sisemi hivyo kukuridhisha. Nimeitazama yote na kuirudia, nami nataka uipate kwangu kabla hujapotoshwa na wasioiona.

Inaitwa We Are Lady Parts. Channel 4, televisheni ya huku Uingereza, walianza kuionesha mwaka 2021, msimu wa pili ukaja 2024, kila msimu vipindi 6 vifupi. Mwandishi wake ni Nida Manzoor, Muislamu mwenye asili ya Pakistani, na nyimbo za bendi alizitunga pamoja na ndugu zake. Kwa hiyo anayetutania ni mwenzetu, na utani wake unajua mipaka ya nyumba. Kuna wimbo unaolichukua lile jambo ambalo magazeti ya huku hayachoki kutubandika, mauaji ya kulinda heshima ya ukoo, ukaligeuza kuwa ugomvi wa ndugu wawili walioibiana wanja. Nilicheka, kisha nikaona uchungu uliomo.

Amina ndiye tunayeanza naye. Anasomea shahada ya uzamivu ya mikrobiolojia, anatafuta mume kwa bidii, na gitaa analipiga vizuri mno, ila akisimama mbele za watu tumbo linamvuruga hata akatapika. Utadhani mama yake ndiye anayemharakisha aolewe. Hata! Mama anataka binti astarehe na ujana wake, mwana ndiye mwenye haraka. Bendi inayomtaka ni ya Saira, mwimbaji mkali anayekata nyama kwenye bucha la halali. Ayesha yuko kwenye dramu, na riziki yake ni kuendesha Uber. Bisma anapiga besi, ana mume na mtoto, na huchora vibonzo.

Halafu yupo Momtaz, meneja wao, na huyu nakuomba umtazame kwa makini. Anavaa nikabu. Mara ngapi umemwona mwenye nikabu kwenye televisheni akiwa kitu kingine zaidi ya mtu wa kuonewa huruma au wa kuogopwa? Momtaz ndiye mpiga bei, ndiye anayetafuta maonesho, ndiye anayewasukuma wenzake wanapokata tamaa. Lucie Shorthouse anamwigiza kwa macho, mabega na mikono tu, na hakuna wakati utakaoshindwa kujua moyoni mwake mna nini.

Wanavaa tofauti, wengine kichwa wazi, na hakuna anayemwuliza mwenzake kwa nini. Hakuna anayeitupa dini ili awe huru. Ndiyo maana linaniuma sana lile la Zarina, mwandishi wa mtandaoni anayewahoji kwa tabasamu, kisha akawachora kama wasichana wabaya wa Uislamu wanaotafuta ubishi. Matusi yanawamiminikia, na wanaanza kulaumiana wao kwa wao. Mwanahawa, hapo ndipo penye kiini cha jambo zima kwangu. Hawakuharibiwa na shekhe wala na baba mkali. Waliharibiwa na mtu aliyewasemea. Msimu wa pili unalifuata jambo hilo hilo kwa njia nyingine: kampuni ya kurekodi inawapenda wakiwa wachekeshaji, na Saira anataka kuimba yanayomkera duniani. Nadhani msimu huo ni mzito kuliko wa kwanza, na ni bora.

Watakaokwambia mwanamke wa Kiislamu na jukwaa ni mambo ya Ulaya, wakumbushe Siti binti Saad. Binti wa Fumba, mtoto wa wafinyanzi, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Na hakuimba mapenzi peke yake. Katika "Kijiti" aliimba habari ya mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na mahakama ikawaadhibu mashahidi. Unguja ya wakoloni, na mwanamke anaisema mahakama mbele ya kadamnasi! Saira angemkumbatia. Gitaa lao linapiga kelele na fidla yetu inalia, lakini ujasiri nauona mmoja.

Anza na msimu wa kwanza, usiruke. Maneno makali yamo, na Ayesha ana mapenzi yake ambayo wengine nyumbani kwenu hayatawapendeza, kwa hiyo usiifungulie sebuleni watu wote wakiwepo. Itazame peke yako kwanza, kisha uamue utamwonesha nani. Mimi ningemwonesha Salma, yule mdogo wako anayejificha chumbani na gitaa. Ana umri wa kuelewa.

Na wewe je, fidla umeirudia? Mara ya mwisho ulisema mwalimu anataka upige mbele ya watu nawe unasitasita. Ukifika pale Amina anapotaka kulikimbia jukwaa, nipigie, hata kama kwenu ni usiku wa manane. Nataka kujua utanambia nini.

Msalimie mama, na watoto wote.

Shogayo,
Rukia