Waliotoka ukumbini nao waliiona filamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwajibu wasomaji wawili waliotangulia kuandika juu ya ile filamu fupi, "Mbwa wa Andalusia", iliyoonyeshwa hapa Tanga mwezi uliopita. Wa kwanza alitaka kijana aliyeileta apelekwe polisi. Wa pili akasema waliotoka ukumbini ni washamba wa sanaa, watu waliozoea tamthilia za jioni. Mimi nilikuwemo, kiti cha tatu kutoka mlangoni, na kabla ya kustaafu nimefanya kazi ya uuguzi wa macho kwa miaka 31. Barua zote mbili zimeniuma, ya pili zaidi.

Kwanza nieleze ilivyokuwa, maana aliyesoma barua zile bila kuwapo atadhani tulionyeshwa mambo ya shetani. Ni filamu ya dakika kama 16, haina rangi, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1929 na Wahispania wawili, mwongozaji Luis Buñuel na mchoraji Salvador Dalí. Ilikuwa bubu, muziki tuliousikia ulibandikwa mwaka 1960. Mbwa hamna. Bango la mlangoni liliandikwa "Filamu ya kale ya kutisha, kiingilio bure", basi. Na sisi jambo la bure tunakwenda na watoto. Nilikwenda na mjukuu wangu wa miaka tisa, kashata zake mkononi.

Pembeni alisimama kijana na kipaza sauti akitutafsiria maandishi, kama wafanyavyo kwenye vibanda umiza. Maandishi ya kwanza yakatokea, akasoma: "Hapo zamani za kale." Mzee mmoja nyuma akaita, "Paukwa!" Nusu ya ukumbi ikaitika, "Pakawa!" Tukacheka, watoto wakasogea mbele wakae chini, wanajua sasa inakuja hadithi.

Mwanamume ananoa wembe. Anaujaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. Anatoka nje barazani, anautazama mwezi. Mwanamke amekaa, ametulia kabisa, uso mbele. Vidole vinamfumbua jicho la kushoto. Kijiwingu chembamba kinaukata mwezi. Halafu wembe unapita kwenye jicho, na kilichomo kinamwagika.

Kijana wa kipaza sauti alinyamaza. Mjukuu wangu alinishika mkono, kucha zikaingia.

Nimeshika macho ya watu zaidi ya nusu ya umri wangu. Nimeyaosha, nimeyafunga bandeji, nimesimama kando ya daktari anapotoa mtoto wa jicho, siku nyingine wagonjwa wakifuatana kutwa nzima. Nilijua mara moja kwamba lile si jicho la binadamu, kwa sababu madaktari wanafunzi tulikuwa tukiwaletea macho ya mbuzi kutoka machinjioni wajifunzie kushona, na jicho la mnyama halinipotei. Buñuel mwenyewe alisema lilikuwa la ndama aliyekufa. Kujua huko hakukunisaidia chochote. Ule ute uliomwagika, sisi wa chumba cha upasuaji tunauogopa kuliko damu. Ukichungulia tu kwenye kidonda, daktari anasimamisha mkono na chumba kizima kinanyamaza, maana jicho linaweza kupotea hapo hapo. Nilijikuta nimebana pumzi kama niko kazini.

Yakatokea maandishi: "Miaka minane baadaye." Na mwanamke yule yule, macho mawili mazima, anasoma kitabu. Mtoto mmoja mbele akauliza kwa sauti, "Jicho limepona?" Mtafsiri hakuwa na jibu. Nimesoma baadaye kwamba hata wenyewe hawakuwa nalo. Walikubaliana walipokuwa wakiandika kwamba picha yoyote inayoweza kuelezeka kwa akili wanaitupa.

Hapo wakatoka wa kwanza, akina mama wenye watoto. Wengine walivumilia jicho wakatoka baadaye, na barua zile mbili hazikuwataja hata kidogo. Kuna mahali mwanamume anamwandama mwanamke chumbani na kumpapasa kifua kwa nguvu. Bwana mmoja aliyekuwa na binti zake wawili akainuka bila neno, akawatanguliza mlangoni. Kisha yule mwanamume akafunga kamba begani, akaanza kuvuta piano mbili kubwa, juu yake punda waliooza, na nyuma yake watawa wawili wakiburutwa chali sakafuni. Mzee mmoja Mkristo niliyekuwa nikimwona kanisani kila nilipohudhuria maziko ya majirani, akachukua kofia yake. Kila mmoja alitoka kwa sababu yake na alijua ni ipi. Ukitaka kusema watu hawa hawakuielewa filamu, nenda kawaulize kwanza.

Kando yangu alikaa mama mmoja anayeuza vitumbua. Huyu alibaki hadi mwisho, pale mwanamume na mwanamke wamefukiwa mchangani hadi kifuani. Wakati sisimizi wanatoka kwenye tundu la kiganja cha mtu, aliniinamia akaninong'oneza, "Bi mkubwa, hii ndoto ya homa. Mimi nilipopata malaria kali niliota hivi hivi, jambo halifuati jambo, na wala hushangai."

Nilipofika nyumbani nikamwomba kijana aliyeileta anitumie alichonacho cha kusoma. Kumbe ilianza kwa ndoto mbili. Buñuel aliota wingu jembamba likiukata mwezi kama wembe ukikata jicho. Dalí akamwambia naye ameota mkono umejaa sisimizi. Wakakaa wakaandika. Yule mama hakusoma popote, alitazama tu, akafika mlemle. Basi aliyeandika barua ya pili, ukitafuta mshamba wa sanaa, kwa muuza vitumbua hutampata.

Na waliotoka je? Hapa ndipo ninapotaka msomaji huyo anisikilize vizuri. Filamu hii ilipoonyeshwa mara ya kwanza Paris, tarehe 6 Juni 1929, kwenye jumba la Studio des Ursulines, waliokuwapo ni wakubwa wa sanaa, mchoraji Picasso akiwa mmoja wao. Buñuel alisimama nyuma ya pazia la picha akibadilisha sahani za santuri, mara muziki wa dansi ya tango wa Argentina, mara muziki wa Mjerumani Wagner, na mifukoni alijaza mawe ya kuwarushia watu wakianza kuzomea. Aliyasimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1982. Wakapiga makofi, mawe akayamwaga. Lakini makofi hayo hayakumfurahisha sana. Mwaka ule ule aliandika kwa uchungu juu ya watu walioiona filamu ni nzuri na ya kishairi, wakati kwake ilikuwa ni wito wa kuua, wito wa mtu aliyekata tamaa. Mtu huyu alitaka kazi yake iumize. Mama aliyemnyakua mwanawe mbele na kukimbilia nje, kashata zikimwagika, ameipokea kama mwenyewe alivyoikusudia. Wasioipokea hivyo ni hawa wanaokaa wamekunja nne na kusema "safi sana, uhariri mzuri," kisha wanamcheka mama yule mgongoni. Mimi siwaambii waache kuusifu uhariri, yaani namna picha zilivyokatwa na kuunganishwa. Ni mzuri kweli: mwezi, wingu, jicho, wembe, na mtu anaapa ameona jicho la mwanamke likikatwa wakati hakuguswa. Wamheshimu tu aliyeinuka.

Kwa ndugu wa barua ya kwanza, anayetaka polisi: Paris nako walikwenda. Buñuel anasema watu arobaini hamsini hivi walifika kituoni kutaka filamu ipigwe marufuku. Ikaendelea kuonyeshwa miezi minane kwenye jumba jingine, Studio 28. Nimekuelewa hasira yako, wanao walikuwapo. Lakini nilimwona kijana yule baada ya watu kuondoka. Alikuwa akipanga viti peke yake na mikono ikimtetemeka. Huyo si mhalifu. Ni mtoto wa hapa hapa aliyependa kitu akataka na sisi tukione, na ukimfungia mlango leo, kesho hatatuletea kitu tena, yeye wala mwenzake.

Kosa lake ni moja, nami nilimwambia usoni. Hakutuambia. Nilimuuliza, "Mwanangu, kwa nini hukusema kabla kwamba kuna jicho linakatwa, na kuna mambo ya watu wazima?" Akanijibu kwa adabu, "Bibi, ningesema mapema ingepoteza makali."

Nimelifikiria jibu hilo siku nyingi, kwa sababu kazi yangu yote ilikuwa kusema mapema. Mgonjwa wa mtoto wa jicho kwetu hapewi usingizi. Anachomwa ganzi karibu na jicho, anafunikwa uso kwa kitambaa chenye tundu, kope zinashikiliwa wazi na kidude cha chuma, na yuko macho, anasikia kila kitu. Yuko mzee mmoja kutoka Pangani sitamsahau. Alinishika mkono akauliza, "Binti, kisu kiko wapi sasa?" Nikamwambia, "Bado, baba. Daktari anaosha. Sasa kimeshikwa. Sasa utasikia kama mtu anakubonyeza, maumivu hakuna." Nikamwambia kila hatua hadi mwisho. Kesho yake asubuhi tulipomfungua bandeji, akanitazama akasema, "Kumbe una mwanya." Je, kwa kuwa nilimwambia mapema, kisu kile kilikuwa na makali madogo? Hakikupungua kitu. Yeye ndiye aliyepata pa kushika.

Kumwambia mtu "kuna jicho litakatwa" hakumwondolei kitu. Nimeitazama tena filamu hiyo kwenye simu, najua dakika yenyewe, na pumzi imenibana vile vile. Anachokipata mtu akiambiwa ni nafasi ya kuamua: abaki, atoke, mtoto amwache nyumbani. Nchi yetu ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu mwaka 1976, na kupanga filamu kwa umri si jambo geni. Mstari mmoja kwenye bango ungetosha, na mtu mlangoni wa kulirudia kwa wasiosoma.

Mjukuu wangu kwa siku nne alilala amejifunika macho kwa viganja. Siku ya tano, Jumamosi, nikamchukua hadi buchani. Nikamwomba muuza nyama anichomolee jicho la ng'ombe aliyechinjwa alfajiri ile, tukalifunga kwenye mfuko tukaja nalo jikoni. Nikamuuliza kama anataka kuona. Akafikiri kidogo, akasema nikate lakini nimhesabie hadi tatu. Nikahesabu. Nikakata pembeni, polepole, nikamwonyesha ute, akaugusa akasema ni kama ute wa yai. Nikatoa lenzi, safi, inang'aa kama gololi iliyobonyezwa, nikamwekea kiganjani.

Aliigeuza huku na huku, kisha akaiweka juu ya ukurasa wa gazeti hili nililokuwa nimetandika chini. Herufi zilizokuwa chini ya lenzi zikavimba, zikawa kubwa. Akasoma neno moja moja, anaisogeza, anasoma jingine. Usiku ule alilala mikono kando. Juzi ameniuliza kama kaka wa filamu atarudi lini.

Nami nauliza hivyo hivyo. Kijana, ukisoma barua hii, rudi na filamu yako, iwe usiku na iwe kwa watu wazima. Nitakuja mapema nisimame mlangoni na kumwambia kila anayeingia kuna nini mle ndani na dakika ya ngapi. Viti tutapanga pamoja.

Muuguzi mstaafu wa macho,
Ngamiani, Tanga.