Barua kwa mwanangu: nani aliifungua?

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Huku Rasbura, Lindi, hatujambo. Mguu wangu unauma usiku, mchana natembea. Baba'ko anakohoa kidogo, anasema ni vumbi. Haya, vumbi.

Kaka'ko Shabani amenionyesha picha ulizomtumia za hiyo mashine unayotaka kununua Dar, iliyofunguliwa vipande vipande. Nilidhani zingepita kwangu kwanza, lakini si neno, simu yangu huwa haina bando na wewe unalijua hilo. Nimezitazama kwa miwani na bila miwani. Nimesikia Jumapili unapanda basi la Dar na pesa unayo mkononi, kwa hiyo sitakwambia usinunue, maana wewe ukikatazwa moja unanunua mbili. Ninalotaka ni hili tu: kabla hujatoa hata shilingi, muulize huyo bwana nani aliifungua hiyo sefesi grainda, mashine ya kunyoosha chuma kwa jiwe linalozunguka, na aliifungua kwa nini.

Eti imefunguliwa kwa ajili ya usafiri. Mwanangu, mimi nimekaa stoo ya vipuri kiwanda cha korosho mpaka siku geti linafungwa, na kila mashine iliyoletwa vipande vipande ilikuwa imefunguliwa "kwa ajili ya usafiri". Mtu anayefungua ili asafirishe ana haraka, tena ni mvivu, na uvivu wake ndiyo salama yako. Atatoa chaki ya sumaku ile inayoshika kazi, atatoa meza, atatoa mota, na kama hana kreni atatoa na nguzo. Basi. Spindo, mhimili unaozungusha jiwe, ataigusa ya nini? Nati ya shaba kwenye skrubu ya kupandisha na kushusha kichwa ataitoa ya nini? Sasa rudi kwenye picha ile yenye ndoo ya bluu. Pembeni ya ndoo kuna spindo imelala peke yake, na beringi hazimo. Huyo hakuwa anasafirisha. Alikuwa anatafuta ugonjwa. Ama aliupata akaona bei ya dawa, ama hakuupata akachoka.

Beringi za spindo ya mashine ile si za kununua moja moja kama za toroli. Zinakuja mbili mbili kwenye boksi moja, zimelinganishwa huko zilikotengenezwa, zina alama ya kukuonyesha ipi itazame wapi, na zinabanwa kwa kipimo. Zikipigwa nyundo mara moja zimekwisha, hata kama kwa macho zinang'aa. Fundi mkuu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa hakubali kuzipokea karatasi yake ikiwa imechanika. Kuna mashine moja pale ilirudi karakana inalia kabla mwezi haujaisha, na nani alitoa beringi moja kutoka boksi la mbili kwa sababu hati iliandikwa moja, hayo tuyaache yalipo. Wewe soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa beringi, au uipate kwenye kitabu cha mashine, uulizie bei yake kabla hujaondoka Mtwara. Halafu uijumlishe na hizo 3,500,000 anazotaka. Ndipo utajua unanunua kitu cha bei gani.

Na ile meza. Umeiona ilivyolazwa? Kifudifudi juu ya zege, reli zake za kutembelea ndizo zinazogusa chini. Picha nzima ungeweza kunificha, ile moja ningekuomba uniachie. Mashine inayotakiwa kunyoosha chuma kwa sehemu chache za elfu moja za milimita, mtu anailaza juu ya zege kwa reli zake! Aliyefanya vile ama si fundi, ama ni fundi aliyekwisha kukata tamaa. Kutu ya juu juu isikutishe, inatoka kwa mafuta ya taa na kitambaa, na vishimo vya hapa na pale si kitu, vinashika mafuta tu. Kinachoua ni kulika katikati, maana kazi fupi zote huwekwa katikati ya meza, kwa hiyo katikati ndipo panapokwisha na pembeni panabaki papya. Nenda na rula yako ya chuma ile iliyonyooka, na vile vipimo vya bapa vya kupenyeza, uiweke kwa urefu wa reli uone mwanga unapita wapi. Kama ni zile ambazo meza inatembea juu ya gololi, mwambie akuonyeshe gololi zote na kibati chake cha kuzitenganisha. Ikipotea moja usidanganywe kwamba utachanganya ya dukani. Zile ni za saizi moja mpaka mwisho wa kipimo, na moja ikizidi hata kidogo ndiyo itakayobeba meza yote.

Najua kazi unaijua. Visu vya mashine za kubangulia korosho ulivyowanolea wale akina mama wa kikundi cha Mikindani, habari zake zimenifikia huku Lindi sokoni. Mtu ananiambia, mama Zuhura, mwanao fundi kweli kweli, nami najifanya sijasikia ili arudie. Lakini ulipoacha kazi ya mshahara hukuniuliza, na sasa hukuniuliza tena, ndiyo maana naandika mambo unayoyajua.

Shabani anasema utapiga na silinda hedi za bodaboda. Kwa sumaku ipi? Hedi zile ni alumini, chaki ya sumaku haizishiki, itabidi uzibane kwa njia nyingine. Halafu alumini inaziba jiwe, jiwe linaacha kukata linaanza kusugua, kazi inapata moto na kupinda. Usiziingize kwenye hesabu ya faida kabla hujajaribu. Visu, bapa za mashine, vipande vya kalibu za matofali, hizo sawa, na kazi hiyo ipo. Kuanzia korosho zinapoiva kila mwenye mashine ya kubangua anatafuta mtu wa kumnyooshea kitu, na wengi wanasubiri mpaka vipuri vitoke Dar.

Umeme nao. Hapo kwako Chuno una umeme wa njia moja, yaani fezi moja, na mashine hiyo sijui kama itakosa mota ya njia tatu. Inveta, kile kifaa cha kugeuza njia moja kuwa tatu, itakusaidia, lakini soma kibati cha mota kwanza. Kikiwa na volti 220 na 380 pamoja, utaiunga kwa pembetatu (delta) na inveta ya njia moja itaiendesha. Kikiwa na 380 na 660, hiyo inveta ya bei poa haitoshi, utabaki na mota ya kuwekea kopo la rangi. Na inveta ina kitufe cha kuongeza kasi. Kile usikiguse. Jiwe limeandikwa mizunguko yake ya mwisho, na mota ya kawaida kwa umeme wetu inakwenda kama 2,850 kwa dakika, inatosha.

Jiwe lililokuja na mashine usilifunge, hata kama anasema ni jipya. Hujui limeanguka mara ngapi, hujui limelowa mafuta gani. Nunua lako, ulining'inize kwa kidole ulipige kidogo kwa mpini wa bisibisi. Likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti ya chungu kilichopasuka lirudishe dukani. Siku ya kwanza simama pembeni, usikae mbele yake, uliache lizunguke dakika nzima bila kugusa kitu. Na kifuniko cha jiwe, je, kipo? Sijakiona kwenye picha hata moja. Hub ya jiwe, ile inayokaa kwenye mshazari wa spindo, ncha yake inayopungua unene, nayo sijaiona. Bila hiyo hakuna pa kulifunga jiwe, na kuichonga ikae sawasawa kwenye mshazari ule si kazi ya karakana ya jirani.

Ndiyo maana nasema muulize aliyeifungua. Si yule anayeuza, yule aliyeshika spana. Mwambie akupe namba yake ya simu, umpigie hapo hapo mbele yake. Mtu aliyefungua mashine kwa mkono wake anakumbuka. Atakwambia ilikuwa inatetemeka, au ilikuwa inaacha mawimbi kwenye kazi, au mafuta yalikuwa hayafiki kwenye reli. Hata akidanganya utasikia anavyodanganya. Na wakikwambia amekufa, amehama, hajulikani, basi hujanunua mashine, umenunua chuma cha kusubu, na kina bei yake ya kilo. Mpe hiyo, na juu yake umuongeze kile ambacho umekiona kwa macho kuwa ni kizima. Kisichoonekana hakipo. Stoo tulikuwa tunaandika hivyo hivyo, kisichoonekana hakipo, na watu walinuna.

Kitabu cha mashine kitafute kwenye intaneti, kuna kurasa zenye mchoro wa vipande vyote na namba zake. Uzichapishe, zisibaki kwenye simu. Ukae chini hapo uwanjani kwake na kalamu, kipande kimoja, tiki moja. Ataudhika. Mwache audhike. Vitu vikubwa havipotei, nani ataiba nguzo? Vinavyopotea ni vile vibati vyembamba vilivyokaa chini ya nguzo ili isimame wima, mtu akifungua anaona takataka anafagia. Na pini za mshazari, na skrubu zenye uzi wa kushoto, na zile kabari ndefu za kubana meza. Lile kopo la maziwa lenye nati limwage lote chini, uhesabu. Wewe unapenda kusema "nitachonga". Utachonga mangapi? Ukichonga vyote utakuwa umetengeneza grainda wewe, na yeye umemlipa kwa kukupa wazo.

Usafiri: lori linalorudi Mtwara tupu ni rahisi kuliko la kukodi, ulizia kwa madereva kabla hujafunga mkataba na mtu. Bahati mvua zimekatika. Mei ile ya 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika pale Somanga, wenye mizigo walilala njiani wakipikiana ugali. Meza isafiri imelala chali kwenye mbao, reli zikiwa zimepakwa grisi na kufunikwa. Spindo ipande na wewe kwenye basi, miguuni, usimpe mtu wa buti. Na ikifika usiifunike nailoni. Bahari iko karibu na wewe, hewa ya chumvi ikinaswa chini ya nailoni asubuhi unakuta chuma kimegeuka rangi ya udongo. Kitambaa cha pamba chenye mafuta, na kila Ijumaa ukague.

Sasa mambo ya huku. Ile laki tano niliyokupa mwaka jana nilisema ni ya ziada ya kikoba. Haikuwa ya ziada, ilikuwa ya bati la jikoni. Sikudai, nakueleza tu kwa nini mvua zilizopita tulikuwa tunapikia barazani. Baba'ko anasema tuvumilie mpaka korosho ziuzwe. Salfa ya kupulizia mikorosho imeanza kugawiwa, majina yamebandikwa chama cha msingi, letu lipo lakini mifuko ni pungufu ya tuliyoandikisha. Mikorosho ya kule Nyangao imetoa majani mapya mazuri, na Shabani ameahidi kwenda kupuliza wiki ijayo. Ameahidi na wiki iliyopita. Mchumba wake alikuja Jumamosi, ametuletea ming'oko, vile viazi vya porini. Binti ana adabu, anaosha vyombo bila kuambiwa, sijui kaka mtu atamweleza nini kuhusu kutofanya kazi.

Mkwe wangu msalimie, mwambie asikuache upakie chuma peke yako. Ile mikono ni yenu wote wawili, na wewe mgongo ulishaumia.

Na kama lori litakuwa na nafasi, niletee mabati kumi na manne huko huko Dar. Geji 28. Geji 30 usilete hata wakikupunguzia, hapa upepo wa bahari unaitoboa upesi. Hela nitakurudishia mnada wa kwanza wa korosho, andika mahali. Misumari ninayo.

Ukishaongea na huyo fundi aliyeifungua, nipigie hata usiku.

Wasalaam,
Mama'ko