Fungu la utafiti wa uzazi liko wapi?

Mhariri,

Bajeti za afya katika nchi zinazoendelea hujaa majengo, vitanda na magari ya wagonjwa. Utafiti wa afya ya mama na mtoto huachiwa wafadhili, nao ndio wanaoamua nini kichunguzwe.

Jaribio la FEAST, lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania na kuchapishwa 2011, linatosha kuonyesha hatari ya kukosa utafiti wa hapa kwetu. Mwongozo uliokuwapo ulitaka mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko (damu kutozunguka vizuri mwilini) amiminiwe maji mengi ya dripu kwa haraka. Ilionekana busara tupu. Watafiti walipolinganisha watoto zaidi ya 3,000, waliomiminiwa maji hayo ndio waliokufa zaidi: takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 ya wasiomiminiwa. Nani angelijua hilo kwa kusoma vitabu vya hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia?

Kwa akina mama, jaribio la E-MOTIVE la 2023 nalo lilithibitisha faida ya kupima damu inayotoka baada ya kujifungua kwa mfuko wenye vipimo, na kuanza tiba zote za kuzuia kuvuja damu kwa pamoja.

Fedha peke yake hazitoshi, maana mtoto anayefia nyumbani bila kuandikishwa haingii katika hesabu ya mtafiti yeyote. Hata hivyo, wizara za afya zianze kwa kuweka fungu la utafiti huu wazi kwenye bajeti, na wabunge wahoji kuhusu fungu hilo.

Msomaji wako