Afande, simu hiyo haikupotea

Kwa Kamanda wa Polisi,
Eneo la Nairobi.

Afande,

KUH: WIZI WA MABAVU KUANDIKWA "IMEPOTEA"

Binti wa dada yangu anafanya kazi Industrial Area, zamu ya asubuhi. Hutoka nyumbani saa kumi na moja kasorobo, akavuka Outering Road kwa daraja la miguu ili apande matatu upande wa pili. Siku hiyo alimkuta kijana ameinama katikati ya daraja, anafunga kamba za kiatu. Alipotaka kumpita, wa pili akampiga ngeta, akamkaba shingo kutoka nyuma. Wa tatu alibaki kwenye ngazi akilinda. Walichukua pochi yenye kitambulisho, wakachukua simu na kumlazimisha ataje nambari ya siri ya M-Pesa. Kabla hajarudi kuniamsha, walikuwa wameshakomba akiba yake na kukopa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kwa jina lake.

Jioni alikwenda kuripoti katika kituo kimoja cha huku Eastlands. Sikitaji jina kwa kuwa si hicho peke yake. Alihitaji abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha ripoti, ili aombe kitambulisho kingine. Afisa wa kaunta hakuwa mkali, hata pole alimpa. Kisha akamshauri: "Tuandike imepotea, uende nyumbani mapema. Ukisema umeibiwa itabidi ungoje wapelelezi uandikishe taarifa, na saa hii hawapo." Binti alikuwa amechoka, akakubali. Karatasi aliyoniletea ina mhuri, ina tarehe, na ina neno hilo. Wakati naisoma, alama ya zipu ya jaketi ilikuwa bado nyekundu shingoni mwake.

Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu unakijua kuliko mimi. Mwizi akiwa na silaha, au akiwa na mwenzake hata mmoja, au akimjeruhi anayemwibia, huo ni wizi wa mabavu, na adhabu iliyoandikwa pale ni kifo. Darajani walikuwa watatu. Kosa zito namna hiyo limeingia kituoni likatoka likiwa uzembe wa msichana asiyejua kutunza simu.

Doria hupangwa kwa kuangalia kitabu cha OB, kinamoandikwa matukio ya kituo, kinasema nini. Kikisema watu wa upande huu ni wasahaulifu tu, nani atamtuma askari darajani alfajiri? Halafu takwimu zikitangazwa, tunasikia uhalifu umepungua, tunabaki kutazamana.

Ramani ya kweli wanayo watu wengine. Konda hupaza sauti "Fungeni madirisha!" kabla matatu haijaingia kwenye foleni, maana anajua pikipiki ya watu wawili, nambari imefunikwa kwa barakoa, hupita wapi na saa ngapi. Mama mboga anajua kona ambayo wateja wake hawaipiti tena kukishatanda giza. Soja wa geti anajua taa ya mulika mwizi ilizimika lini. (Taa ni ya kaunti, naelewa. Gavana ataandikiwa barua yake.) Habari hizi hazifiki kwenu, na zikifika zinavuja.

Hapo pa kuvuja ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu mimi ni katibu wa Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda mtaa pamoja na polisi. Mpango huu uliletwa 2013, mwaka ule wa shambulio la Westgate, tukiuazima kwa Watanzania. Kwao balozi anazijua nyumba zake. Huku ploti moja ina ghorofa sita, nyumba kumi hazimalizi hata ghorofa mbili, na kila mwisho wa mwezi kuna godoro linateremshwa ngazi. Hata hivyo tulijitolea. Jirani yetu mmoja alipeleka majina ya vijana wawili kwa siri. Kabla ya magharibi vijana wenyewe walikuwa getini wakimwita kwa jina, kwa upole kabisa. Alihama Jumapili iliyofuata. Tangu hapo mkutano ukiitwa tunafika watu wanne, na mmoja nadhani huja kwa ajili ya chai.

Watu wakikosa imani na kitabu hicho cha OB, Afande, huwa wanatafuta tairi na petroli. Nimewahi kuona, sitaki kuona tena. Wala kijana kupigwa risasi kichochoroni si doria. Tumezika vijana hapa, na madaraja ni yale yale.

Sisemi askari wako wana raha. Gari la kituo tunalijua, lina siku zake za kukosa mafuta. Tangu mabadiliko ya 2018 yaliyowatoa kambini, wengi wao ni wapangaji wenzetu, tunapanga foleni moja ya maji na mitungi. Lakini afisa anayeishi ghorofa ya pili hajawahi kuambiwa na mkubwa wake aje kuketi nasi hata nusu saa. Katiba, Kifungu cha 244, inaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi ijenge uhusiano mwema na jamii, na sheria ya polisi ya 2011 inazitambua kamati kama yetu. Sasa sisi tukae na nani?

Ninachoomba hakihitaji bajeti mpya. Toa amri kwamba aliyenyang'anywa aandikwe amenyang'anywa, hata kama wapelelezi hawapo, na taarifa yake ichukuliwe kesho. Askari wawili wa miguu wasimame kwenye madaraja kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi kupambazuke. Na atakayetoa jina la raia aliyepiga ripoti afunguliwe mashtaka, asihamishiwe tu kituo kingine.

Ukitaka pa kuanzia, anza na karatasi ya binti yetu. Nambari ya OB iko juu yake na nitaileta mwenyewe ofisini kwako, irekebishwe. Siku hizi anazunguka kwa boda hadi steji ya mbali, shilingi hamsini zaidi kila asubuhi, kwenye mshahara ambao Fuliza inaanza kuukata kabla yeye hajaugusa. Au njoo wewe huku siku yoyote ya kazi, bila king'ora. Saa kumi na moja kasorobo nitakuwa chini ya ngazi za daraja.

Wako mtiifu,
Katibu wa Nyumba Kumi, Eastlands