YAH: ANKARA YA SHILINGI 60,000 YA "KING'ORA CHA UONGO"

Ndugu Meneja,

Salaam. Naandika kuhusu ankara ambayo kampuni yenu ya ulinzi ilinitumia Jumanne kwa WhatsApp, shilingi 60,000, maelezo yake "gari kuitika king'ora cha uongo". Nimeisoma mara tatu. Mwanzoni nilidhani mmekosea nyumba.

Mkataba mnao, sina haja ya kuwasomea kifungu cha gari lenu kufika ndani ya dakika 15. Usiku wenyewe ni wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Umeme ulikatika tangu saa tano, mtaa mzima wa Kimara giza. Saa nane na dakika kumi nikasikia nondo za dirisha la jikoni. Hazikugongwa, ni ule mlio wa jeki ya gari inayotanua chuma taratibu, krr, inatulia, krr. Nikabonyeza kitufe cha dharura. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikawapigia simu, nimejibanza nyuma ya kabati na watoto wawili na mama mkwe wangu, nanong'ona. Kijana wenu akanijibu: "Mama, ongeza sauti, sikusikii."

Niongeze sauti, na wezi wako sebuleni kwangu.

Gari lenu lilifika saa kumi na dakika tano. Polisi, aliowaita jirani kwa 112, walikuwa wameshakuja na kuondoka. Walinzi wenu wawili wakazunguka nyumba na tochi ya simu, wakanisainisha fomu gizani, na mmoja akauliza kama kuna chochote cha soda. Kumbe kwenye fomu hiyo waliandika "hakuna ishara iliyopokelewa". King'ora hakikulia kabisa, halafu mnanitoza kwa kulia kwa uongo. Nifafanulieni hilo kwanza.

Kwa nini hakikulia, naweza kuwaambia mimi. Jumatatu fundi wa mtaani alifungua boksi lenu mbele ya mjumbe wa shina. Betri imevimba ubavuni kama andazi, ncha zina ukungu wa kijani, na juu yake pameandikwa kwa kalamu nzito: 2018. Betri za namna ile hudumu miaka mitatu, ikizidi sana mitano. Umeme ukikatika, ndiyo inayobeba king'ora pamoja na uzio wa umeme; ikifa, ule uzio ni kamba ya kuanikia nguo. Na mwaka jana mlinitoza 95,000 za betri mpya! Risiti ninayo. Kadi ya sevisi iliyobandikwa ndani ya mlango wa boksi ina sahihi ya fundi wenu ya mwezi wa tatu: "betri nzima".

Narudi kwenye ile simu, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Mwanangu wa miaka sita alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yake miwili, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nasikia luninga inang'olewa ukutani, skrubu zinadondoka moja moja kwenye vigae. Kijana wenu anataka namba ya mteja. Nikamtajia kwa pumzi tu. "Mama, ongeza sauti, sikusikii. Halafu hapa kwangu nyumba yako inaonekana iko salama." Kisha akaniambia nisubiri, akaniwekea muziki. Muziki, ndugu Meneja! Aliyeongeza sauti ni mama mkwe, ana miaka 71: "Mwiziii!" Majirani wakatoka na filimbi na sufuria, na wezi wakapita juu ya uzio wenu bila hata kushtuka. Nashukuru vijana wa mtaa hawakuwafikia, maana wangewaua, na damu ya mtu sikuitaka uani kwangu.

Nilipoanza barua hii nilitaka mambo mawili tu: ankara ifutwe na betri ibadilishwe bure. Sasa naona hayatoshi. Nirudishieni 95,000 yangu. Lipeni luninga, kompyuta ya binti yangu anayesoma chuo, na mtungi wa gesi niliojaza Ijumaa ile ile. RB, yaani namba ya taarifa niliyopewa polisi, naambatanisha. Nataka pia nakala ya sauti ya simu ile, na msije mkaniambia imefutika. Mkataba nauvunja leo, na ile notisi ya mwezi mmoja silipi.

Nawapa siku 14. Zikipita, atakayewaandikia ni wakili, na nakala itakwenda Tume ya Ushindani. Majirani saba wenye kibao chenu getini nimeshawaonyesha picha ya betri. Wawili wamefungua maboksi yao. Waulizeni wamekuta nini.

Wenu,
Mteja wa miaka minne, Kimara

N.B. Kibao chenu nimeking'oa getini, kiko jikoni. Mje kukichukua mchana. Usiku najua hamfiki.