Furoshiki si karatasi ya zawadi

Ndugu Mhariri,

Picha ya ukurasa wenu wa mitindo ilipendeza, lakini maelezo yake yamenikera. Eti furoshiki, kile kitambaa cha mraba cha Kijapani cha kufungia na kubebea vitu, ni "karatasi ya zawadi ya kitambaa", tena maua yake ni "urembo tu". Nimeishi Osaka miaka mingi kabla ya kurudi Tanga kuuza kanga, na najua akina mama wa mtaa ule wangesema nini.

Kwa adabu yao ya zamani, mgeni hufungua kitambaa mwenyewe, hukabidhi zawadi kwa mikono miwili, kisha hukikunja na kuondoka nacho. Karatasi gani hurudi nyumbani na mwenyewe? Huko Nara, Japani, ghala la kale la hazina la Shosoin lina vitambaa vya kufungia vya karne ya 8.

Tuje kwenye maua. Kile cha kijani chenye michirizi myeupe ni karakusa, mmea unaotambaa, uliofika Japani kwa Njia ya Hariri kupitia China. Kwa kuwa hautambai ukakoma, ni dua ya umri mrefu na ukoo kuendelea. Enzi za mfalme Meiji (1868–1912) vitambaa hivyo vilitengenezwa kwa wingi, mabibi harusi wakafungia matandiko, kila kabati likawa nacho. Ndiyo maana mwizi wa vibonzo vya Kijapani hubeba furushi la kijani mgongoni: kitambaa kakikuta humo humo alimoingia kuiba! Jani la katani, asanoha, ni la watoto wachanga, maana katani hukua upesi na kunyooka. Manyoya ya mshale ni ya bibi harusi, kwani mshale ukishatoka haurudi. Korongo na kobe ni wa sherehe; usithubutu kuwapeleka msibani. Huko hutakiwa rangi iliyopoa, na zambarau hukubalika pote pawili.

Marehemu mama alikuwa na doti iliyochapwa Japani, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa Kiswahili safi. Nasi tungewaandikia mambo yao kwa uangalifu ule ule.

Halafu fundo. La pichani limesimama wima, jambo ambalo wao huliona mkosi, na kweli hulegea. Masikio yanatakiwa yalale kulia na kushoto. Kulifungua, unavuta sikio moja linyooke, unatelezesha fundo, basi.

Naomba mchapishe marekebisho, na picha nyingine.

Muuza kanga,
Tanga